Windows iko kwenye bodi, si kwenye flashi ya fundi

Fundi yeyote wa kompyuta hapa Amu (Lamu) ashasikia "niwekee Windows" mpaka masikio yamezoea. Mtu aja na laptopu yake nzito, yajifikiria dakika tano kabla haijafungua hata faili moja, fundi achomoa flashi, afuta kila kitu, aweka upya, mteja alipa na kuondoka akiamini kuwa amenunua Windows. Hakununua kitu. Alicholipia ni kazi ya mikono ya fundi, na Windows yenyewe, yaani ule mfumo unaoiendesha kompyuta, kama ni ya halali, alishailipia siku aliyonunua ile laptopu, iko ndani ya bodi mle, lile bamba kubwa la saketi ambalo vifaa vyote vimeunganishwa nalo, na mara nyingi nnavyoona mimi hakuna aliyemwambia. Kibaya zaidi ni kwamba fundi naye kwa kutojua aweka ya wizi juu ya mashine ambayo ina yake ya halali imelala tu.

Fujo yote yaanzia hapa, kwamba vitu vitatu tofauti vyaitwa jina moja. Kuna programu yenyewe, yaani mafaili, na hayo hayana siri yoyote, Microsoft wameyaweka kwenye tovuti yao kila mtu ayapakue bure, na ndiyo yaliyo kwenye flashi ya fundi. Kuna leseni, ambayo ni ruhusa, na mkataba wenyewe (ule ambao sote twabonyeza "nakubali" bila kusoma) wasema waziwazi kuwa programu hukuuziwa, umepewa haki ya kuitumia kwa masharti. Halafu kuna aktivesheni, ambayo ni ukaguzi tu, mashine yapiga simu kwa seva za Microsoft, yaani kompyuta zao za kujibu maswali mtandaoni, kuuliza hivi mimi nimeruhusiwa ama sikuruhusiwa. Waweza kuwa na mafaili bila leseni, waweza kuwa na leseni na aktivesheni ikakataa, na waweza pia kuwa na aktivesheni iliyokubali bila ya leseni, hiyo ya mwisho ndiyo biashara ya wale wanaouza ufunguo, yaani namba ya siri ya kuaktivetia, kwa bei ya chapati na chai.

Tuanze na leseni. Ile inayokuja na kompyuta mpya yaitwa OEM, ni leseni ambayo kampuni iliyotengeneza mashine, HP au Dell au Lenovo, imeinunua kwa jumla kutoka Microsoft na kuifunga kwenye mashine kabla haijatoka kiwandani. Ukitaka kuielewa fikiria zile nyumba za Pwani zisizo na kiwanja, ambazo nyumba ni yako lakini ardhi ni ya mwengine: waweza kuiishi, kuipangisha, kuiuza na kuirithisha wanao, ila huwezi kuing'oa ukaenda kuisimamisha kiwanja chengine. OEM ni hivyo hivyo. Laptopu ukiiuza leseni yaenda nayo kwa mnunuzi, hilo halina shida, lakini laptopu ikifa leseni yafa nayo, huna ruhusa ya kuichomoa uiweke kwenye mashine yako mpya hata kama ulilipa kila senti.

Ya pili ni ya rejareja, ile unayonunua peke yake, kwenye boksi au kwa mtandao. Hiyo yahama. Waweza kuitoa mashine moja ukaiweka nyengine, sharti iwe kwenye mashine moja tu kwa wakati mmoja. Na bei yake ndiyo yaonyesha tofauti: Windows 11 Home, toleo la nyumbani, kwenye duka la Microsoft kule Marekani yauzwa dola 139, na Pro, toleo la kikazi, dola 199, ambazo ukizigeuza shilingi zakaribia bei ya laptopu nzima ya mtumba. Ya tatu ni ya makampuni na mashirika, nitaifikia mbele manake hiyo ndiyo iliyowachezea watu wengi wanaonunua mashine za ex-UK, zile za mtumba kutoka Uingereza.

Utauliza kwa nini walitaka kuifunga kwenye mashine tangu mwanzo. Jibu ni pesa na historia. Miaka ya mwanzo ya tisini Microsoft walikuwa na mkataba na watengenezaji kompyuta ambao mtengenezaji alilipa kwa kila mashine aliyoitoa, iwe ina programu ya Microsoft ndani au haina, serikali ya Marekani ikawashika kwa hilo na mwaka 1994 wakakubali kuuacha mtindo huo. Lakini tabia ya kuuza mfumo pamoja na chuma haikuondoka, manake yawafaa wote wawili, Microsoft apata malipo kabla mashine haijafika kwa mtu, na mtengenezaji apata bei ya chini kwa kuwa pia amebeba mzigo wa kumhudumia mteja. Ndiyo maana ukiwauliza Microsoft kuhusu Windows iliyokuja na laptopu wakurudisha kwa aliyeitengeneza hiyo laptopu.

Sasa mashine yajuaje kuwa ni yenyewe? Hapa ndipo patamu.

Windows XP ilipotoka mwaka 2001 ndiyo iliyoleta aktivesheni kwa watu wa kawaida. Ilikuwa yaangalia vitu 10 hivi kwenye mashine, kadi ya mtandao, hadidiski, prosesa, kiasi cha ramu, kadi ya picha na kadhalika, yavichanganya vyote kwa hesabu inayotoa namba moja, na namba hiyo ndiyo ilikuwa kitambulisho cha mashine. Huwezi kuirudisha nyuma ile namba ukajua mtu ana hadidiski gani, yaenda upande mmoja tu. Ukibadilisha kitu kimoja au viwili yakuvumilia, ukibadilisha vingi kwa pamoja yaona hii si mashine ninayoijua mimi, yataka uaktiveti tena. Kadi ya mtandao ilipewa uzito kuliko vyengine.

Lakini watengenezaji wakubwa hawakutaka mteja asumbuke na hayo, kwa hivyo wao waliwekewa njia yao. Kwenye bayosi, ile programu ndogo ndani ya bodi inayoiamsha mashine, kuliandikwa alama inayosema hii ni mashine ya kampuni fulani, na Windows ya kampuni hiyo ikiwaka yatazama ile alama, yaiona, yajiaktiveti hapo hapo bila hata intaneti. Wakati wa Vista na Windows 7 alama hiyo ikaboreshwa ikawa jedwali zima ndani ya bayosi. Na ajabu ni kuwa ufunguo uliotumika kiwandani ulikuwa mmoja kwa mashine kibao za aina moja, na ule wa herufi 25 kwenye stika iliyobandikwa tumboni mwa laptopu ulikuwa mwengine kabisa, wa akiba. Wenye laptopu za zamani wazijua zile stika, baada ya miaka miwili ya mapaja na jasho hakuna herufi yasomeka.

Mwaka 2012, na Windows 8, mambo yakabadilika kabisa. Ufunguo ukaacha kuandikwa kwenye stika ukaandikwa ndani ya bodi, kwenye chipu ya bayosi, na kila mashine ikapewa wake. Stika ikabaki ya urembo, ina nembo tu haina namba. Kwa hivyo laptopu yoyote ya kampuni kubwa iliyotoka kiwandani na Windows 8, 10 au 11 imebeba ufunguo wake ndani, futa hadidiski, itupe baharini, weka SSD (diski ya kisasa) mpya, ufunguo uko pale pale. Ukiweka Windows upya yausoma wenyewe wala haikuulizi kitu.

Halafu mwaka 2015 Windows 10 ikaleta leseni ya kidijitali. Hapo ile namba inayotokana na vifaa vya mashine yahifadhiwa kwenye seva za Microsoft, pamoja na kumbukumbu kuwa mashine hii imeruhusiwa toleo fulani. Mwaka uliofuata wakaongeza uwezo wa kuiunganisha na akaunti yako ya Microsoft, ili mashine ikibadilishwa vifaa uingie na akaunti, uiambie kuwa umebadilisha kifaa karibuni, nayo ikutambue. Kwa leseni ya rejareja yasaidia sana. Kwa OEM, bodi ikibadilishwa, usiitegemee.

Ndio maana nasema bodi, bodi, bodi. Ramu badilisha upendavyo. SSD weka, betri weka, skrini weka, hakuna atakayekuuliza. Lakini kwa Microsoft bodi ndiyo kompyuta, ukiibadilisha kwa kutaka tu iwe na nguvu zaidi umetengeneza kompyuta mpya na leseni ya zamani haifuati. Wameacha mlango mmoja tu, kwamba kama bodi imeharibika ikabadilishwa kwa nyengine kama hiyo, au kwa ile ambayo mtengenezaji aitambua kuwa badala yake, leseni yaendelea.

Sasa rudi hapa kwetu. Bodi za kisiwani hazifi kwa uzee, zafa kwa chumvi. Mashine ikikaa dirisha linalotazama bahari msimu wa kusi, ukiifungua utakuta kijani kibichi kwenye miguu ya chipu na karibu na tundu la chaja. Fundi ana njia mbili. Ya kwanza ni kutafuta bodi ya mashine nyengine kama hiyo, mara nyingi yatoka Mombasa imechomolewa kwenye laptopu iliyovunjika skrini. Bodi hiyo yaja na ufunguo wake ndani. Kama laptopu ilikotoka ilikuwa na Home, basi na yako kuanzia leo yajiona Home, hata kama ilikuwa Pro mwaka mzima, na mwenyewe hatajua kwa nini ghafla maandishi ya kijivu yametokea pembeni chini kumwambia aaktiveti.

Njia ya pili ni ya kuiandika upya chipu ya bayosi. Ni kachipu kadogo ka miguu 8, fundi akabana kwa kibanio kilichounganishwa na kifaa cha USB, asoma kilichomo, na akiona kimeharibika atafuta faili la bayosi la mashine kama hiyo kwenye mtandao na kulimimina ndani. Mashine yawaka, kila mtu afurahi. Lakini lile faili limetolewa kwenye laptopu ya mtu mwengine, lina namba ya serio ya huyo mtu, na lina ufunguo wake wa Windows. Fundi anayeijua kazi kwanza ahifadhi nakala ya kilichokuwemo, halafu anakili sehemu ya serio na ufunguo wa mwenyewe kuipeleka kwenye faili jipya. Asiyeijua amimina tu, na leseni ya mteja imefutika duniani kwa sekunde thelathini. Ukipeleka mashine kwa kazi hii muulize kabla: yale ya zamani utayahifadhi? Akikukodolea macho, shukuru, ondoka.

Na kuna hili jengine ambalo si leseni lakini laja pamoja nalo. Laptopu nyingi za siku hizi zafunga data kwa siri, na siri hiyo imefungwa na chipu ya TPM iliyo kwenye bodi au ndani ya prosesa. Ukibadilisha bodi, SSD yako nzima yataka ufunguo wa kuokolea wenye tarakimu 48, ambao kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft uliyofungulia mashine siku ya kwanza. Kama akaunti yenyewe ilifunguliwa na kijana wa dukani kwa jina lake, pole. Utafute leo, kabla ya chumvi.

Nirudi kwenye lile la wizi juu ya halali, manake ndilo linaloniudhi. Ufunguo ulio kwenye bodi ni wa toleo maalumu, tuseme Home. Fundi ana flashi ya Pro, manake wateja wote wataka Pro, Pro yasikika vizuri. Aiweka, yakataa kuaktiveti, kwa sababu bodi yasema Home. Fundi hachunguzi, azima kinga ya virusi, afungua kiaktivisha chake, programu ya kuilazimisha Windows ikubali, alichopewa na mwenzake, mambo yakaa sawa. Sasa mteja ana mashine iliyolipiwa Home halali, yaendesha Pro ya wizi, na imeingizwa programu ambayo sharti lake la kwanza lilikuwa kuzima kinga. Programu yoyote inayokwambia zima mlinzi kwanza ndipo niingie, wewe mwenyewe jaza. Na kisheria pia, Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 yalinda programu za kompyuta kama ilindavyo kazi nyengine za maandishi. Dawa yake ilikuwa ni kuweka Home tu, yajiaktiveti yenyewe ikipata intaneti, bure, bila mchezo.

Kujua uko wapi ni rahisi. Fungua lile dirisha jeusi la amri, andika slmgr /dli, bonyeza Enter, kijisanduku chatokea baada ya sekunde kadhaa. Usisome yote, tafuta mstari wenye neno la aina ya leseni. Ukiona OEM_DM ni ile ya ndani ya bodi, uko salama. RETAIL yaweza kuwa ya rejareja, au pia leseni ya kidijitali iliyotokana na kupandisha toleo, usishtuke. Ukiona VOLUME_KMSCLIENT, na mashine ni yako binafsi si ya ofisi, hapo kuna hadithi.

Na hadithi yenyewe ni ya ile leseni ya tatu, ya makampuni. Kampuni kubwa haiaktiveti mashine moja moja, yaweka seva yake ndani ya ofisi, na kompyuta zote zaiuliza hiyo seva badala ya Microsoft. Seva yaanza kujibu zikifika kompyuta 25, na kila mashine yapewa siku 180, kabla hazijaisha yatakiwa irudi kuuliza tena. Sasa mashine ikiuzwa kwa mtumba, ikapandishwa meli, ikashuka Mombasa ikaja hadi Mokowe na kuvuka kwa mashua, seva yake imebaki Uingereza. Mteja aitumia kwa raha miezi kadhaa, halafu siku hiyo maandishi ya kijivu haya hapa, arudi dukani kugombana, muuzaji aapa kuwa aliuza ikiwa sawa, na wote wawili wasema kweli. Viaktivisha vingi vya wizi vyafanya ujanja huu huu, vyajifanya seva ya kampuni ndani ya mashine yako.

Ila zuri ni hili, leseni ya kampuni ya Windows ni ya kupandisha tu, yaani lazima mashine iwe na leseni yake ya msingi kwanza. Kwa hivyo hizo laptopu za ofisi za ng'ambo karibu zote zilitoka kiwandani na Pro kwenye bodi. Weka Pro safi, unganisha intaneti, maliza.

Kuhusu zile ufunguo za bei rahisi za mtandaoni, nyingi ni za makampuni zilizovuja, au OEM zilizochomolewa mashine zilizokufa. Si zote ni uhalifu kila mahali, Ujerumani mahakama kuu ya haki iliamua mwaka 2000 kuwa Microsoft hawawezi kumzuia muuzaji kuuza OEM bila kompyuta, ndiyo maana wauzaji wengi wa aina hiyo wako kule. Lakini wewe uliye hapa mtaani Langoni hununui uamuzi wa mahakama ya Ujerumani, wanunua herufi 25 kutoka kwa mtu usiyemjua, na Microsoft wakiona ufunguo umetumika kupita kiasi waufunga.

Apple wao hawakuhangaika na ufunguo. Mkataba wao wasema macOS, mfumo wao, ni ya kompyuta za Apple tu, basi, na kampuni moja ya Marekani iitwayo Psystar ilipojaribu kuuza kompyuta za kawaida zikiwa na mfumo huo mahakama iliwapa Apple haki mwaka 2009.

La mwisho ni la Windows 11, manake watu wadhani wamenyimwa leseni. Sivyo. Leseni ya Windows 10 yatosha kabisa kwa 11, kupandisha ni bure. Kinachokataa ni vifaa: wataka TPM 2.0, ramu angalau 4GB, na prosesa iliyo kwenye orodha yao, kwa Intel takriban kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 yenyewe iliacha kupewa apudeti za kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa watumiaji wa nyumbani kuna mpango wa apudeti za usalama mpaka Oktoba 2026. Leseni yake haijaisha wala haitaisha, mashine itaendelea kuwaka, ila matundu yatakayogunduliwa baada ya hapo hakuna wa kuyaziba.

Kwa mashine kama hizo mimi nawaambia watu waweke Linux, mfumo mwengine wa bure badala ya Windows, Mint kwa mfano. Leseni yake yakuruhusu kuiweka kwenye mashine ngapi utakazo, kubadilisha bodi kila mwezi, kuinakili na kumpa jirani, hakuna ufunguo na hakuna seva ya kuuliza. Kwa anayeandika barua, aingiaye brauza na kuchapisha fomu, yatosha. Mwenye duka ambaye hesabu zake zote ziko kwenye QuickBooks ya kompyuta asikurupuke, haifanyi kazi huko, na huyo ni bora atafute laptopu ya kizazi cha nane akiwa Mombasa, aandike slmgr /dli mbele ya muuzaji kabla ya kutoa pesa.